Mikono ya Karen: namna Sydney Pollack alivyoiongoza Out of Africa

MwanaRuzizi (Bukavu)

Wazee, ndugu na dada mlio humu, nawasalimu. Tangu Robert Redford alipofariki mwezi wa Septemba 2025, filamu zake zimeanza kuzunguka upya katika simu na flashi za watu, na ndivyo Out of Africa, filamu ya mwaka 1985 kuhusu maisha ya Karen Blixen huko Kenya, ilivyotufikia. Jumamosi iliyopita tulikusanyika watu tisa nyumbani kwa shemeji yangu, Nguba, tukatandika shuka nyeupe ukutani na kuitazama dakika zake zote 161. Ilipokwisha tuligawanyika. Wengi walisema kwamba ni mapenzi ya Wazungu yaliyopambwa kwa milima yetu na wanyama wetu, na kwamba hakuna zaidi ya hapo. Mimi sikuridhika. Siku mbili baadaye niliirudia peke yangu, daftari mkononi, nikimfuatilia mtu mmoja tu ambaye haonekani kwenye picha: mwongozaji wake, Sydney Pollack. Ninayoandika hapa yametoka katika daftari hilo, na ninaomba tubaki kwenye kazi ya mwongozaji, maana mada ya ukoloni peke yake tunaweza kuifungulia uzi mwingine.

Kwanza tutazame mzigo aliokabidhiwa. Karen Blixen aliishi Kenya kuanzia mwaka 1914 hadi 1931, akalima kahawa chini ya vilima vya Ngong, akapoteza shamba, akarudi Denmark, na mwaka 1937 akatoa kitabu cha kumbukumbu, Out of Africa, akitumia jina la kalamu la Isak Dinesen. Anayekifungua kitabu hicho akitafuta mapenzi atakifunga mikono mitupu. Denys Finch Hatton, mpenzi wake, ambaye katika filamu anaigizwa na Redford, yumo, lakini kama rafiki anayekuja na kuondoka. Bror, mume wa mwandishi, karibu hayumo kabisa. Wala hakuna kisa kinachopanda hadi kileleni na kushuka. Kuna vipande: mtoto wa pongo aliyelelewa nyumbani, mtoto Mkikuyu Kamante na vidonda vyake vya miguu, ngoma, nzige, risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya ikaleta kesi ya miezi mingi. Ni kitabu kizuri mno, lakini hakimpi mtu wa sinema pa kushika.

Kwa hiyo Pollack na mwandishi wa mswada wake, Kurt Luedtke, walikwenda kuchota penginepo: katika wasifu ulioandikwa na Judith Thurman, uliotoka mwaka 1982, na katika kitabu cha Errol Trzebinski cha mwaka 1977 kuhusu Denys. Humo ndimo mlimokuwa na ndoa, ugonjwa wa kaswende alioambukizwa na mumewe, talaka ya mwaka 1925, na mapenzi ambayo mwenyewe hakuyataja. Tazameni ugumu wa jambo hili: filamu inasimulia yale ambayo mwanamke huyu aliyaficha, lakini inayasimulia kwa sauti ileile aliyoitumia kuyaficha, sauti ya mzee anayekumbuka, ambayo tunaisikia kabla hatujajua ni nani anayesema. Sentensi za mwanzo zinatuambia juu ya mwanaume aliyebeba gramafoni hata safarini, pamoja na bunduki tatu na Mozart. Zote ziko katika wakati uliopita. Pollack ametuambia tangu dakika ya kwanza kwamba kila tutakachokiona kimekwisha potea, na hivyo ametuondolea swali la «je, watapata?» na kutuachia swali gumu zaidi, la namna vitu hivi vilivyoshikwa wakati vilipokuwapo.

Pollack alikuwa na desturi, ambayo aliizungumza hadharani mara nyingi, ya kutafuta wazo moja litakaloishikilia filamu nzima kama uti wa mgongo unavyoushikilia mwili. Kwa filamu hii wazo hilo lilikuwa kumiliki. Ukiisha kulijua, huwezi tena kuitazama kama hadithi ya wapenzi tu. Karen anapokutana na Denys kwa mara ya kwanza, treni imesimama porini, naye anawafukuza watu wanaokaribia makreti yake kwa sababu ndani mna vyombo vyake vya kioo na sahani zake za Limoges, kaure ya fahari ya Ufaransa. Baadaye sana, nyumba imekwisha pangwa na kupambwa, Denys anamwambia kwamba «Wakikuyu wangu, shamba langu, sahani zangu» ni vitu vingi mno kwa mtu mmoja kuvimiliki, na kwamba sisi hapa si wenyeji wa kitu, tunapita tu. Katika maisha ya kweli wawili hao hawakukutana njiani namna hiyo. Walijuana mwaka 1918, Karen akiwa na miaka minne nchini. Pollack ameisogeza siku ile hadi kwenye treni makusudi kabisa, ili mwanaume huyo awe amemwona Karen akilinda mizigo yake kabla ya kuona kitu kingine chochote.

MwanaRuzizi (Bukavu)

Naendelea, kwa maana sikumaliza. Niliporudia filamu mara ya pili niligundua kwamba wazo la kumiliki halikuachwa kwenye maneno. Limewekwa mikononi. Sijui kama Pollack angelisema hivyo mwenyewe. Huu ni usomaji wangu, na aupinge anayeweza.

Karen anawavisha watumishi wa mezani glavu nyeupe, na mwishoni, nyumba ikiwa tupu, yeye mwenyewe anamvua Juma glavu hizo kwa mikono yake. Hilo wengi wameliona. Lakini nendeni kwenye onyesho la mtoni, la kuoshwa nywele, ambalo kila mtu analikumbuka na wachache wanajua kwa nini. Karen ameketi, kichwa amekilaza nyuma, nywele zimejaa povu. Denys amesimama nyuma yake, anasugua taratibu huku akisema kwa moyo mashairi ya Coleridge juu ya baharia mzee. Kisha anachukua jagi, anamimina maji, naye mwanamke anacheka macho yakiwa yamefumbwa. Hapana busu, hapana neno la mapenzi. Meryl Streep, anayemwigiza Karen, amepata kusimulia kwamba viboko walikuwa karibu nao mtoni wakati wa kupiga picha, lakini usoni mwake huoni hata chembe ya hofu. Kwetu sisi tunalielewa onyesho hili haraka kuliko watu wengine. Hapa Bukavu nywele za mwanamke hushikwa na mama yake, dada yake, shangazi yake, barazani, mchana kutwa; mwanaume anayeruhusiwa kuziosha amepewa kitu kikubwa. Pollack anajua hivyo, ndiyo maana hakatikati picha. Anaiacha mikono ifanye kazi mpaka mwisho, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Halafu kuna ndege. Gipsy Moth ya manjano ina viti viwili vinavyofuatana, abiria mbele na rubani nyuma. Maana yake ni kwamba wapenzi hawatazamani, na kwa mngurumo wa injini hawasikilizani. Mwongozaji mwingine angelitafuta hila ya kuonyesha nyuso zao pamoja. Pollack amekubali kizuizi hicho kikawa ndicho onyesho lenyewe: ziwa limejaa heroe wanaoruka kama pazia la waridi, muziki unapanda, na Karen, bila kugeuka, anaurudisha mkono wake nyuma hewani mpaka unashikwa. Basi. Ni mkono unaoomba bila kudai, na kwa mwanamke aliyeanza filamu akifukuza watu kwenye makreti yake, safari aliyoitembea mpaka pale ni ndefu kuliko ile ya kutoka Denmark.

Na kaburini, kwenye vilima vya Ngong, amesoma shairi, amechukua udongo ili autupe juu ya jeneza kama desturi ilivyo. Mkono unanyanyuka, unasita, haufunguki. Anaupitisha kwenye nywele zake, zile nywele zilizooshwa mtoni, kisha anageuka na kuondoka peke yake. Nilisimamisha picha hapo kwa muda mrefu. Sikumbuki filamu nyingine ya mapenzi ambamo kilio kimewekwa mahali padogo namna hiyo.

Uwezo huu haukutoka hewani. Kabla ya kuwa mwongozaji, Pollack alikuwa mwigizaji na mwalimu wa waigizaji huko New York, mwanafunzi wa Sanford Meisner, ambaye mafundisho yake yote yalisimama juu ya kusikiliza: mwigizaji hafanyi kitu mpaka mwenzake amfanyie kitu. Ndiyo maana kamera yake hukaa kwa anayesikiliza kuliko kwa anayesema.

KahawaYaKalehe (Bukavu)

Ndugu MwanaRuzizi, asante kwa kazi hii. Mimi nimezaliwa kwenye kahawa na ninataka kuongeza upande ambao watu wa sinema huupita haraka, lakini mwongozaji wako hakuupita.

Mche wa arabika haukupi kitu mpaka mwaka wa tatu au wa nne. Katika filamu makubaliano yalikuwa kufuga ng'ombe wa maziwa. Bror ndiye aliyebadilisha mpango na kununua kahawa bila kumshauri mkewe. Wageni wa kawaida wanaona hapo ugomvi wa mume na mke. Mkulima anaona zaidi: mwanamke amefungwa miaka minne na uamuzi asioufanya, na katika miaka hiyohiyo ya kusubiri ndimo ndoa inapokufa na mapenzi mengine yanapoota. Pollack ametumia kahawa kama kalenda. Hahitaji kutuandikia kwenye skrini kwamba muda umepita.

Kitabu kinasema shamba lilikuwa na ekari 6,000, na ekari 600 tu za kahawa, kwenye mwinuko wa zaidi ya futi 6,000, yaani mita 1,800 na ushee. Kwa Kivu mwinuko huo si ajabu. Tuna mashamba yanayopanda kutoka ufukwe wa ziwa, kwenye mita 1,460 hivi, hadi karibu na mita 2,000, na kahawa inazaa. Lakini mwinuko haufanyi kazi peke yake. Sisi tuna mvua ya kutosha na pumzi ya ziwa inayozuia baridi kali. Ngong kulikuwa na ukame, upepo, na udongo usioipenda kahawa. Kwa hiyo kiwanda kinapoungua usiku katika filamu, mimi sikuona bahati mbaya iliyoletwa ili watazamaji walie. Niliona shamba lililokuwa likifa polepole likipewa kifo ambacho kamera inaweza kukionyesha. Hilo nakubali kwamba ni ufundi.

Ninachomdai Pollack ni ardhi. Wazee wangu walihamishwa kwenye vilima vyao wakati wa Comité National du Kivu, shirika la kikoloni la Wabelgiji lililoundwa mwaka 1928, lilipokuwa likiwagawia makoloni, yaani walowezi wa Kizungu, mashamba. Ninapomwona Karen anawaita Wakikuyu wa shambani watu wake, nataka mwongozaji aniulizie mara moja tu: walikuwa wa nani kabla ya yeye kufika?

MwanaRuzizi (Bukavu)

Ndugu yangu wa Kalehe, swali hilo limo, ila limechelewa. Karibu na mwisho Karen anapiga magoti mbele ya gavana mpya, hadharani, watu wote wamevaa nguo za sherehe, akiomba Wakikuyu wapewe ardhi ya kukaa pamoja. Anasema waziwazi kwamba ardhi ilikuwa yao. Gavana anababaika, maofisa wanataka kumnyanyua, na ahadi inatoka kinywani mwa mke wa gavana. Hata hapo tazama mikono: mwenye kumiliki amekuwa mwombaji. Lakini nakubali kwamba tumekaa zaidi ya saa mbili ndipo swali likasemwa, na waliosemewa hawakusema lolote katika onyesho hilo.

MpigaGitaaHimbi (Goma)

Naomba nizungumzie masikio, kwa sababu mmesema sana juu ya macho. Filamu hii ilipata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji, na mojawapo ya hizo saba ilikwenda kwa muziki wa John Barry. Pollack mwanzoni alifikiria kuijaza filamu nyimbo za asili za Kiafrika. Barry ndiye aliyempinga, akisema kwamba hadithi hii haihusu Afrika, inahusu watu wawili waliopendana na namna walivyoiona Afrika, kwa hiyo muziki utoke ndani yao. Mwongozaji akakubali.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda, na nakiri kwamba Barry alikuwa na haki upande mmoja. Ngoma zilizobandikwa juu ya mapenzi ya Mdenmark na Mwingereza zingelikuwa uongo mbaya zaidi. Vinanda vile virefu vinavyopanda polepole vinasema ukweli: hivi ndivyo mgeni anavyoliona bonde kutoka angani. Ndiyo maana nadhani onyesho la ndege linafanikiwa, maana pale Karen kweli yuko mbali na ardhi. Na uamuzi wa kumweka Mozart kwenye gramafoni, ile sehemu ya polepole ya konseto ya klarineti, ni wa akili sana, kwa sababu klarineti ile inatoka kwenye santuri ndogo yenye mikwaruzo, katikati ya pori kubwa, nasi tunasikia udogo wake.

Lakini kuna kitu kinachoniuma kama mwanamuziki. Mtazameni vizuri Kanuthia, msaidizi wa Denys, anayesimama kimya karibu naye safarini. Jina lililoandikwa kwa mwigizaji huyo ni Job Seda. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Ayub Ogada, mpiga nyatiti (kinubi cha Wajaluo) wa Kenya, mmoja wa wanamuziki wakubwa waliotoka Afrika Mashariki, aliyefariki mwaka 2019. Alikuwa mbele ya kamera, akiwa kijana, na filamu ikamtaka abebe bunduki na anyamaze. Simlaumu Pollack kwa kutoijua sauti iliyokuwa bado haijarekodiwa. Nasema tu kwamba siwezi tena kuyatazama maonyesho ya safari bila kuisikia nyatiti ambayo haipigwi.

Kuhusu Redford, mzee mmoja hapa alinikera kwa kusema kwamba aliigiza vibaya kwa sababu hasemi Kiingereza cha Uingereza. Redford alikuwa ameijaribu lafudhi hiyo, na Pollack ndiye aliyemwambia aiache, kwa kuwa watazamaji walimjua mno kiasi kwamba wangelisikiliza lafudhi badala ya mtu. Walikuwa katika filamu yao ya sita pamoja, kwa hiyo alijua alichokuwa akikifanya. Denys wa kweli alikuwa Mwingereza wa ukoo wa kilodi na mwenye upara. Wa filamu ni mtu asiyeshikika, basi. Kwa wazo la kumiliki, huyo wa pili anatosha.

YayaWaKatuba (Lubumbashi)

Wadogo zangu, nimesoma yote tangu jana usiku na ninawapongeza kwa heshima mliyotunza. Mimi ni mtu mzima sasa, na filamu hii niliiona mara ya kwanza kwa kaseti ya video, katika wilaya yetu hapa Lubumbashi inayoitwa Kenya. Tulikuwa watoto, tukadhani tutaiona mitaa yetu.

MwanaRuzizi amesema kwamba Pollack ameliweka wazo lake mikononi. Naafiki, na kwa sababu naafiki nataka kuuliza juu ya jozi moja ya mikono iliyokosekana. Tarehe 14 Mei 1931, ndege ya Denys Finch Hatton ilipoanguka Voi, hakufa peke yake. Ndani yake mlikuwa na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau, naye akafa papo hapo. Katika filamu Bror anakuja kumletea Karen habari, na habari hiyo ni ya mtu mmoja. Kaburi ni moja, shairi ni moja, udongo ule usiotupwa ni wa mtu mmoja.

Mtasema kwamba filamu ya mapenzi haiwezi kubeba kila kitu. Najua. Lakini fikirini ni nini kilichotakiwa ili kumwondoa. Ndege ya viti viwili ambayo MwanaRuzizi ameieleza vizuri sana, kiti cha mbele na cha nyuma, mkono unaorudi nyuma: katika safari ya mwisho, katika kiti kile cha Karen, alikaa Kamau. Mwongozaji aliyejenga onyesho zuri kuliko yote juu ya viti viwili alikuwa na maelezo ya kifo ambamo viti vyote viwili vilikuwa na watu. Angeliitaja sentensi moja tu, filamu isingelipungukiwa kitu. Nadhani ingelizidi uzito, kwa kuwa Karen angelijua kwamba kiti chake hakikuwa kitupu.

Sisi wa huku tuna sababu ya kuona pengo la namna hiyo haraka. Mwaka 1965, hapa mjini, watu waliokuwa wamefanya kazi ya uboyi katika nyumba za Wazungu walikusanya historia ya mji wao, wakaiandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na André Yav ndiye aliyeishika kalamu. Waraka wao unajulikana kama Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Humo maboyi wanawataja mabwana wao kwa majina waliyowapachika wenyewe, wanaeleza nani alikula nini, nani alilipwa nini, nani alikufa na akazikwa wapi. Anayeusoma waraka huo anaelewa kwamba aliyesimama nyuma ya meza na sahani mikononi alikuwa akitazama kila kitu. Pollack ameweka macho hayo katika uso wa Malick Bowens, Mmali aliyeigiza kuwa Farah Msomali, mtumishi mkuu wa Karen, na nakiri kwamba Bowens anatazama kama maboyi wa Yav walivyotazama. Kwa hiyo simwambii Pollack kwamba hakuona. Namwambia kwamba aliona, na kwa Kamau akafumba.

MwanaRuzizi (Bukavu)

Yaya, nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kujibu. Habari ya Kamau sikuijua, na sasa onyesho la ndege limebadilika kwangu moja kwa moja. Sitajaribu kumtetea Pollack hapo. Aliongoza filamu kuhusu makosa ya kumiliki, na alipofika kwenye kifo akampa Karen msiba wote uwe wake peke yake.

Nataka tu kuweka pembeni ya pengo hilo onyesho la mwisho la Farah, kwa sababu ulimtaja, na kwa sababu jana nililitazama nikiwa na mtu mwingine. Jirani yetu ni mzee wa miaka zaidi ya themanini, aliyekuwa boyi katika shamba la koloni mmoja upande wa Kalehe alipokuwa kijana. Nilimwomba aje, nikamwekea dakika za mwisho tu.

Wako kituoni. Filamu nzima Farah amemwita Karen «Msabu», neno lililotokana na memsahib ya Wahindi, ambalo kwa maboyi wa Kenya lilikuwa kama «madamu» kwa maboyi wa hapa. Karen anachukua dira, ile aliyopewa na Denys alipokuwa amepotea njia wakati wa vita, anaiweka mkononi mwa Farah na kumwambia kwamba ilimsaidia kuiona njia. Kwa mtu aliyekuja na makreti, hicho ndicho kitu cha mwisho, naye anakitoa. Kisha anaomba kitu kimoja: anataka kulisikia jina lake kinywani mwa Farah. Farah anamtazama. Pollack anamwacha atazame kwa muda ambao mwongozaji mwenye haraka angeliukata. Halafu anajibu: wewe ni Karen, Msabu.

Mzee alicheka kidogo aliposikia, si kicheko cha dharau. Akasema kwamba huyo kijana amejibu vizuri sana, kwa kuwa amempa mama yule jina lake na akabaki na adabu yake mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Nikamuuliza kama naye aliwahi kumwita koloni wake kwa jina. Akasema hapana, walimwita kwa jina walilompa jikoni, na mpaka anaondoka mwaka 1960 hakulijua. Nikamweleza habari ya Kamau, kama ulivyoiandika, yaya. Akanyamaza. Baadaye akauliza jina la baba yake Farah ni nani. Nikamwambia kwamba kitabuni anaitwa Farah Aden.

«Aden,» akarudia, kama mtu anayeandika kichwani. Kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, autazame tena mkono wa Farah unapoipokea ile dira.